Boliti Kumi za Teodora

Teodora alikuwa na dharau, na wala hakujisumbua kuificha. Mwanamume akiingia kwenye kibanda chake pale Igoma, akafungua boneti na kusema, "Fundi, mimi naona tatizo liko kwenye plagi," Teodora alimwangalia viatu kwanza, kisha uso, halafu akamwuliza, "Plagi ziko ngapi humo?" Wengi walijibu sita. Injini zao zilikuwa za silinda nne. Basi aliwaambia wakae kwenye benchi, wasiguse kitu na wafunge mdomo, maana injini inataka kusikilizwa na wao wanapiga kelele.

Alizaliwa Magu kwa mkulima wa pamba. Baba yake alimpeleka chuo cha ufundi kwa bahati mbaya tu: fomu ilikuwa ya kaka yake, kaka akaogopa mtihani. Akatoka huko anajua kukereza chuma, akaajiriwa kwenye karakana ya kiwanda cha kuchambua pamba, mwanamke peke yake kati ya wanaume ishirini na wawili. Kumi na tisa kati ya hao, kwa maoni yake, hawakustahili kupewa hata nyundo. Wawili walikuwa wazuri wakiwa hawajanywa. Mmoja tu ndiye aliyemheshimu, Mzee Josephat, mkuu wa karakana, aliyemfundisha kusikia kwa vidole kama chuma kimenyooka au kinadanganya. Mpaka anastaafu, Mzee Josephat hakuwahi kumsifia Teodora hata siku moja. Akiridhika alisema "Haya," na Teodora alikuwa anaifanyia kazi hiyo "Haya" wiki nzima.

Mume alikuwepo, akaondoka. Alisema hawezi kulala na mtu anayenuka dizeli. Teodora akamjibu kwamba naye hawezi kulala na mtu anayenuka uvivu, wakawa wamemalizana. Mwaka tisini na mbili kiwanda kikapunguza watu. Wenzake wakachukua mafao yao wakafungua vibanda vya soda, wakakaa humo wakinywa soda wenyewe. Teodora aliomba apewe mashine ya kukereza iliyokuwa inatupwa kama chuma chakavu. Wakacheka, wakampa.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Sangara alikuwa anavuliwa, anachunwa, anapandishwa ndege minofu mitupu, sisi tunabaki na vichwa na mifupa tukisema maendeleo yamefika. Watu waliokuwa wakiuza dagaa kwa kisado walianza kutembea na funguo za gari mkononi, hata wakienda msalani. Na mtu wa namna hiyo akishapata gari, haoni raha mpaka ajue nani ana gari la polepole kuliko lake. Ndipo yakaanza mashindano ya Kisesa. Kila mwisho wa kiangazi, pamba ikishavunwa, walikusanyika njia panda wakafukuzana kwenye changarawe, kilomita kumi na mbili, wakizunguka mashamba upande wa Bujora na kurudi walipoanzia. Waliita michezo ya magari. Teodora aliita kutimua vumbi.

Lakini aliwatengenezea injini, na hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wake. Injini ya kwenda sokoni mtu yeyote anaweza kuiunga. Ya mbio haikubali uongo. Mwaka uliotangulia alikuwa amemtengenezea Yahaya wa Mkolani, mwenye malori, injini ya Celica yake, ikashinda. Yahaya akasimama mbele ya watu akasema imejengwa Nairobi. Teodora alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwake, masizi bado yako kwenye kucha. Hakusema neno, na kwa kutosema huko alijichukia mwaka mzima.

Kwa hiyo Nathaniel Chenge alipokuja na Datsun yake, Teodora alikuwa na sharti tayari. Nathaniel alikuwa mnunuzi wa sangara visiwani, mnene, mwenye saa mbili, moja kila mkono, na hakuna hata moja iliyomfikisha mahali kwa wakati. Alitaka injini ya nguvu za farasi mia tatu.

"Mia tatu za nini?" Teodora akamwuliza. "Ukipewa mia tatu utaingia nazo kwenye nyumba ya mtu. Nitakupa mia na sabini, na hizo nazo utazilalamikia."

"Basi sawa, mama fundi. Wewe sema tu unataka nini."

"Mzee Josephat ndiye anayepunga bendera na ndiye anayeshika kipaza sauti. Ukishinda, unakichukua, unasema mbele ya watu wote: injini hii imejengwa na Teodora wa Igoma. Maneno hayo tu. Usiongeze."

Nathaniel akacheka, akaona amepata kwa rahisi, akaapa kwa jina la mama yake.

Ilimchukua miezi miwili. Injini ilikuwa ya lita mbili, imetolewa kwenye pikapu iliyopinduka Nyanguge. Akazichimba silinda moja moja, akatia pistoni kubwa zaidi, akapunguza uso wa silinda hedi mpaka mgandamizo ukapanda sana. Akafunga kabureta mbili. Hakuna gasketi ya dukani ambayo ingestahimili mgandamizo ule, basi akakata ya kwake kutoka kwenye bati la shaba la boila ya kiwandani, akaichoma kwenye mkaa mpaka ikawa nyekundu, akaizamisha majini ilainike. Injini ilipowaka mara ya kwanza, wauza mitumba wa ng'ambo ya barabara walinyamaza. Teodora akawageuzia mgongo. Alikuwa na furaha ambayo hakutaka mtu yeyote aione.

Siku ya Ijumaa alimweka Nathaniel kwenye benchi akamweleza jambo moja, polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa.

"Shaba ikipata moto inanywea. Boliti za hedi ziko kumi. Kesho utaliendesha gari mpaka lipate moto sawasawa, kisha utaliacha lipoe mpaka kesho yake. Jumapili asubuhi, likiwa la baridi, nitazikaza tena zote kumi kwa mpangilio wake. Bila hivyo hedi itapumua na gasketi itapasuka njiani. Umesikia?"

"Nimesikia, mama fundi," alisema Nathaniel, huku akijitazama kwenye kioo cha pembeni.

Sasa, huku kwetu watu hawajui kushindana bila kugawanyika kama kwenye ngoma. Ngoma zina Bagika na Bagalu, kila upande na wimbo wake, na nyuma ya kila mwimbaji yuko mganga anayemtengeneza ili watu wamkimbilie yeye na kumwacha mwenzake amesimama peke yake uwanjani. Mashindano ya magari hayakumaliza hata miaka miwili kabla hayajafanywa hivyo hivyo. Wa Igoma wakawa upande, wa Mkolani upande, na waganga wa ngoma wakapata wateja wapya wanaonuka petroli. Teodora alizisikia habari hizo akazitemea mate. Hakufikiri zingefika kwenye injini yake.

Jumamosi alasiri Nathaniel alirudi kwa miguu, amepakwa kitu usoni, ananuka.

"Gari liko wapi?"

"Nyumbani. Limeshapata moto vizuri. Halafu nimelipitisha kwa Mzee Mashimba."

Mashimba alikuwa mganga wa wachezaji wa ngoma. Teodora akaweka tupa chini.

"Amelifanya nini?"

"Amelipaka mafuta ya simba, kwenye injini yenyewe. Amefunga boneti kwa kitambaa cheusi. Haifunguliwi mpaka mashindano yaishe." Nathaniel alikohoa, akatazama pembeni. "Tena, mama, usinichukie. Amesema hasa mwanamke asiiinamie. Mwanamke akiinamia tu, dawa inageuka, na mwenye kuinama anaweza asimalize wiki."

"Na boliti?"

"Boliti zipi?"

Teodora akashusha spana ndefu ukutani. "Kazikaze mwenyewe basi. Nitakupa spana, nitakuandikia mpangilio."

"Nimekwambia boneti haifunguliwi, mama. Mzee amesema."

"Mzee Mashimba amewahi kufungua hedi?"

"Mambo haya si ya hedi," akasema Nathaniel kwa huruma, kana kwamba Teodora ndiye asiyeelewa, akaondoka zake.

Teodora alipanda baiskeli mpaka kwa Mzee Josephat, Kisesa. Alimkuta amekaa kivulini anachambua maharage, miguu peku, kofia kichwani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Mbona unahema?"

Akamweleza yote. Mzee aliendelea kuchambua.

"Shaba imepata moto?"

"Imepata."

"Haifiki Bujora," akasema Mzee Josephat. Akatupa jiwe alilolitoa kwenye maharage. "Kesho asubuhi Chenge anakuwa wapi?"

"Kanisani. Yuko kwaya."

Mzee akasema, "Haya."

Teodora alirudi akikanyaga baiskeli na hesabu kichwani. Akiiacha injini ilivyo, itapasuka, na hakuna atakayesema Mashimba kaharibu. Watasema hayo ndiyo matokeo ya injini ya mwanamke, na yeye kwisha kazi. Akiikaza kimya kimya, itashinda, na Mashimba atabebwa juujuu. Kwa vyovyote vile jina lake halimo. Ilibaki njia moja: aikaze, ishinde, halafu aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu wote, kwamba aliiinamia na dawa haikugeuka. Hapo jina lake litasikika, na upuuzi wa Mashimba utazikwa siku hiyo hiyo. Alifurahia sana wazo hilo. Hakuona mahali ambapo lingeweza kumgeuka, kwa sababu alikuwa anawapigia hesabu watu kama anavyoipigia injini.

Jumapili, wakati Nathaniel amevaa joho anaimba sauti ya tatu, Teodora aligonga geti lake. Mkewe, Sabina, alifungua, ana kanga kifuani na mswaki mdomoni. Alitazama spana ndefu mkononi mwa Teodora.

"Umekuja kuliharibu au kulitengeneza?"

"Kulitengeneza."

"Bahati mbaya," alisema Sabina, akampisha. "Jana alibeba masufuria yangu kwa mganga, wakachemshia mafuta ya hilo gari. Ingia, kaza hicho unachokaza."

Teodora alifungua kitambaa cheusi. Ndani kulinuka vibaya. Mafuta ya simba, kama yalikuwa ya simba kweli na si ya kondoo, yalikuwa yameungulia kwenye eksozi na kuacha utando mweusi. Aliufuta utando kwenye vichwa vya boliti, akaanza katikati kwenda nje. Mbili zilikuwa zimelegea. Moja ya hizo ilizunguka robo nzima kabla haijashika, na alipoisikia ikizunguka, alimlaani Mashimba kwa jina. Alizimaliza zote kumi, akarudia kuzipima zote kumi, akafunga boneti. Kitambaa alikifunga upya kwa fundo la karakana, kwa sababu lile la Mashimba lingefunguka kilomita ya pili.

Mchana watu walikuwa wamejaa njia panda, upande huu wa Igoma, upande ule wa Mkolani, wanaimba kutukanana. Magari yalikuwa matano. Mashimba alikaa kwenye kiti cha peke yake, na ngozi begani kwenye jua lile. Mzee Josephat akapunga bendera, vumbi likafunika kila kitu, na kwa dakika kadhaa hapakuwa na kitu cha kutazama isipokuwa wapumbavu wakilitazama vumbi.

Teodora alijitenga akasimama kando ya shamba. Alikuwa anasikiliza. Aliipata Datsun upande wa Bujora, akamsikia Nathaniel akichelewa kubadili gia, akamtukana kwa Kisukuma. Akaisikia Celica ya Yahaya mbele yake, injini ile ile aliyoijenga yeye, sasa imechoka, valvu moja inalia kwa kukosa matunzo. Kisha kwenye mpando wa mwisho Datsun ikafunguka. Mlio ulikuwa mmoja, umenyooka, hauna hata chembe ya hewa inayovuja. Alijua imeshinda kabla haijaonekana. Aliweka mkono mdomoni, na macho yakamlowa, na akajisonya kwa hilo.

Nathaniel alipita mstari mbele ya Yahaya kwa urefu wa magari manne. Upande wa Igoma ukakimbia. Haukukimbilia gari, ulimkimbilia Mashimba, ukamnyanyua na kiti chake na ngozi yake. Nathaniel akatoka amejaa vumbi, akachukua kipaza sauti kutoka kwa Mzee Josephat.

"Namshukuru Mungu," akasema. "Namshukuru mama yangu mzazi. Na namshukuru Mzee Mashimba, aliyelifunga gari hili likafungika!"

Teodora alingoja. Nathaniel alimwona, akatabasamu, akampungia mkono, na akawa amemaliza.

Mara hii Teodora hakubaki amesimama. Alipenya katikati ya watu, akamnyang'anya kipaza sauti.

"Injini hii imejengwa na Teodora wa Igoma," akasema. Sauti yake mwenyewe ilimshtua, ilivyokuwa kubwa. "Na leo asubuhi nimefungua hicho kitambaa. Nimeinama, mimi mwanamke, nimekaza boliti kumi. Mbili zilikuwa zimelegea. Gari limeshinda, na mimi niko hapa mzima. Dawa yenu iko wapi?"

Nathaniel alianza kusema ni uongo, lakini Sabina akapaza sauti kutoka nyuma, "Si uongo. Geti nilimfungulia mimi."

Waliomnyanyua Mashimba wakamshusha. Mzee yule akaenda mpaka kwenye boneti, akalishika lile fundo, akaligeuza, akaliangalia sana. Kisha akamtazama Teodora, akarudi nyuma hatua mbili bila kumpa mgongo. Walioko mbele wakaona, nao wakarudi nyuma. Mama mmoja akamvuta mwanawe kwa mkono. Teodora akabaki katikati ya duara tupu, kipaza sauti mkononi, akajiambia kwamba hiyo ni aibu imewashika, na kwamba imechelewa sana. Alirudi Igoma kwa baiskeli akiimba.

Jumatatu alipofika kibandani akakuta foleni. Pikapu mbili, lori la Yahaya, teksi, pikipiki. Alihesabu vichwa akaona fahari inampanda. Jina lilikuwa limetembea usiku mmoja zaidi kuliko lilivyotembea miaka ishirini. Akamwendea wa kwanza, dereva wa pikapu, akamwambia afungue boneti.

"Hapana, mama," alisema yule, amesimama mbali kidogo. "Injini ni nzima. Nataka uiinamie tu."

"Niiinamie nifanye nini?"

"Kama ulivyoiinamia ile. Iliyomshinda Mashimba." Akatoa kuku mweusi chini ya kiti, amefungwa miguu.

Teodora alimfukuza. Akaenda kwa wa pili, naye ana kuku. Dereva wa Yahaya alikuwa ametumwa alete mbuzi. Mwenye teksi aliomba mate kidogo kwenye kabureta, kama haitakuwa usumbufu. Teodora aliwapigia kelele, akawaonyesha spana, akawaeleza shaba, moto, kunywea, robo ya mzunguko. Walimsikiliza kwa adabu kubwa ambayo hawajawahi kumpa, vichwa wameinamisha, na kadiri alivyofoka ndivyo walivyozidi kuitikia "Ndiyo, mama." Hakuna aliyempinga. Hakuna aliyemwita fundi.

Mwisho wa foleni akamwona Mzee Josephat, amesimama na baiskeli yake. Moyo ulimtua. Alimkimbilia, akawapita wote.

"Mwalimu, afadhali umekuja. Waambie. Wewe ndiye uliyeniambia shaba haifiki Bujora."

"Boliti najua," akasema Mzee Josephat kwa sauti ya chini. "Nilikufundisha mimi. Jana nilipokusikia kwenye kipaza sauti nikajua umezikaza vizuri." Akatazama huku na huku. "Nauliza ulijikinga na nini."

"Sikujikinga na kitu. Nilichukua spana nikaenda."

"Mashimba amewaua watu wazito kuliko wewe, Teodora. Mimi ni mwalimu wako. Usinifiche."

"Hakuna, mwalimu. Nakuapia. Boliti tu."

Mzee alimtazama machoni, kisha akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeelewa kwamba jambo halisemwi hadharani. Akaisogeza baiskeli pembeni. Akarudi nyuma hatua moja, akavua kofia, akainamisha kile kichwa chenye mvi mbele ya mwanafunzi wake.

"Shikamoo, mama," akasema.

Foleni nzima ikamgeukia Teodora, ikingoja aitikie.